Tupeane uzoefu: Mliokuwa Chile mwaka 2019, mliona nini?

Mpangaji wa Ñuñoa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Nimesoma sana watu wakiandika kwamba Chile iliwaka moto mwaka 2019 kwa sababu ya nauli ya treni. Naomba sisi tuliokuwa kule, au ambao mambo yale yalitufikia kwa njia yoyote, tuandike tulichokiona kwa macho yetu. Televisheni zilionyesha moto na mawe. Vilikuwepo, siwezi kukataa, ila vilikuwa sehemu ndogo ya habari yenyewe.

Naanza mimi. Nilikuwa Santiago nasoma shahada ya uzamili, nimepanga chumba mtaa wa Ñuñoa. Tarehe 6 Oktoba nauli ya metro saa za msongamano ilipanda kutoka peso 800 hadi 830. Peso 30 kwa hela yetu ya wakati ule hata shilingi mia ya Tanzania hazifiki. Lakini piga hesabu ya mtu wa kima cha chini, aliyekuwa analipwa peso 301,000 kwa mwezi. Akienda kazini na kurudi saa za msongamano, zaidi ya sehemu ya kumi ya mshahara wake inaishia getini stesheni, hajanunua hata mkate. Waziri wa uchumi alipoulizwa, akasema anayeamka mapema zaidi atapata nauli nafuu. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini. Aliposikia kauli ile redioni aliizima, akaendelea kukunja nguo zake kimya.

Walioanza ni wanafunzi wa sekondari. Wanashuka stesheni kwa makundi wakiwa na sare, wanaruka geti, halafu wanamshikilia mlango bibi mwenye kikapu apite bila kulipa. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Ijumaa tarehe 18 metro yote ikafungwa jioni, watu kwa maelfu wakarudi makwao kwa miguu, na usiku stesheni zikaanza kuungua. Rais Sebastián Piñera, ambaye siku kumi nyuma alikuwa ameisifu nchi yake kuwa oasisi yenye utulivu katika Amerika ya Kusini iliyochafuka, akatangaza hali ya hatari. Kesho yake akasitisha nauli mpya, lakini jiji lilikuwa limeshakabidhiwa kwa jeshi, na usiku ule ule ikaja amri ya kutotoka nje. Kwa Santiago, amri ya namna hiyo kwa sababu za kisiasa haikuwa imeonekana tangu enzi za dikteta Augusto Pinochet. Jumapili rais akasema nchi iko vitani na adui mwenye nguvu. Siku iliyofuata jenerali aliyepewa usalama wa jiji akawaambia waandishi kwamba yeye ni mtu mwenye furaha na hana vita na mtu yeyote.

Ninachotaka mkijue hasa ni sufuria. Saa ya amri ikifika, barabara tupu, unasikia mtu mmoja kwenye ghorofa ya mbali anagonga sufuria kwa mwiko. Anajibiwa na wa jengo la pili. Dakika chache baadaye mtaa mzima unalia, na helikopta inazunguka juu. Mama mwenye nyumba alikuwa na kikaango cha chuma, alikigonga mpaka mpini ukang'oka, akachukua mfuniko akaendelea. Mwanamke yule nilimjua kama mtu asiyepandisha sauti hata akimkemea mjukuu.

Tarehe 25 Oktoba nilitembea na majirani kwa barabara ya Vicuña Mackenna mpaka Plaza Italia, uwanja ambao watu walikuwa wanaanza kuuita Plaza ya Heshima. Walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 1.2, katika jiji moja, siku moja. Hakukuwa na jukwaa wala msemaji, na bendera za vyama sikuziona. Kila mtu amekata boksi lake na kuandika lake: deni la chuo, foleni ya upasuaji wa mama, pensheni ya babu. Lile bango lililokuwa kila mahali lilisema siyo peso 30, ni miaka 30. Walikuwa wanahesabu tangu Pinochet alipoondoka Ikulu mwaka 1990 na kuiacha katiba yake ya 1980 ikiendelea kufanya kazi.

Karibuni.

Sista wa Singida

Asante mwanangu kwa kuanzisha. Mimi nilikuwa kusini mwa jiji, La Pintana, na wenzangu wa shirika. Ni mtaa wa watu wa hali ya chini. Wageni wanaokuja Santiago kuangalia milima ya Andes na majengo ya vioo hawafiki kule.

Ukiishi La Pintana ndipo unaielewa pensheni ya Chile. Wakati ule kila mwajiriwa alikuwa anakatwa asilimia kumi ya mshahara, fedha inakwenda kwa kampuni binafsi zinazoiwekeza, na ukistaafu unalipwa kutokana na ulichokusanya mwenyewe. Utaratibu huo ulianza mwaka 1981 chini ya serikali ya kijeshi, na waziri aliyeuasisi ni José Piñera, kaka wa Sebastián Piñera aliyekuwa rais wakati ule. Sasa mwanamke aliyefua nguo za watu miaka arobaini bila mkataba amekusanya nini? Jirani yetu mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa anaishi kwa ile pensheni ya msingi ya serikali, takriban peso 110,000 kwa mwezi. Alikuwa anatukabidhi daftari lake la matumizi tumsaidie kujumlisha, kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka. Dawa ya presha, gesi, maji, umeme. Ikifika tarehe ishirini ukurasa umejaa na hela imekwisha. Na wazee wale hawakusahau kwamba maduka makubwa ya dawa yalishabainika kupanga bei kwa pamoja, kama walivyofanya wauza kuku na watengenezaji wa karatasi za chooni. Mwaka 2018 matajiri wawili waliotiwa hatiani kwa makosa ya kodi waliagizwa na mahakama wahudhurie masomo ya maadili. Nililisikia likisemwa kwenye foleni ya zahanati, kwenye feria, hata mlangoni kwa kanisa. Feria ni soko lao la mtaani la wiki.

Supamaketi zilipoporwa na nyingine kuchomwa, walioteseka kwanza ni hao hao wazee wetu, waliolazimika kuvuka mitaa miwili kutafuta mafuta ya kupikia. Sitaubariki moto ule, na nililisema wakati ule mbele ya vijana wa parokia. Lakini wauza mboga wa feria hawakufunga hata siku moja, na akina mama waliweka vyungu vya pamoja uani, kila mtu analeta alichonacho.

Macho pia niyaseme. Taasisi ya taifa ya haki za binadamu ilirekodi zaidi ya watu 400 walioumizwa macho na risasi za polisi au makopo ya mabomu ya machozi. Polisi walisema risasi ni za mpira. Chuo Kikuu cha Chile kikazipima, kikakuta mpira ni asilimia 20 tu, kilichobaki ni vitu vigumu, yakiwamo madini ya risasi (lead). Mwanafunzi Gustavo Gatica alipoteza macho yote mawili mwezi Novemba. Mwisho wa mwezi huo huo Fabiola Campillai, mama aliyekuwa anaenda zamu ya usiku kiwandani, alipigwa kopo la bomu usoni huko San Bernardo, akapofuka. Hakuwa kwenye maandamano kabisa. Mwaka 2021 wananchi walimchagua seneta kwa kura nyingi mno.

Mdadisi wa Kinondoni

Shikamoo Sista. Wazee walichukuliaje kuona wanajeshi mtaani tena?

Sista wa Singida

Marahaba. Vijana walikuwa wanawasogelea wanajeshi na kuwapiga picha. Wazee walifunga mapazia. Jirani yangu mwenye daftari aliondoa picha ya kaka yake ukutani akaificha chini ya godoro. Kaka huyo alichukuliwa mwaka 1973, mwaka wa mapinduzi ya Pinochet, na hakurudi. Sikumuuliza zaidi.

Mwana wa Katanga

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nilikuwa kaskazini, Antofagasta, kwa masomo ya migodi. Wengi mnaongea Santiago, acha niseme ya kule, kwa sababu shaba ndiyo inalisha nchi ile kama inavyolisha kwetu.

Mimi nimekulia kwenye habari za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali ya Kongo, jinsi serikali yetu ilivyotwaa migodi mwaka 1967. Wachile nao walitaifisha shaba yao tarehe 11 Julai 1971, wakati wa Rais Salvador Allende, na Bunge lilipitisha bila kura ya kupinga hata moja. Hata Pinochet hakuurudisha mgodi mkubwa wa shaba wa Chuquicamata kwa Wamarekani, aliuacha mikononi mwa serikali. Kwa hiyo nilienda nikidhani nitakuta mji wa shaba unaoishi vizuri. Ni kweli kuna magari makubwa mapya na nyumba nzuri karibu na bahari. Ukiinua uso kuelekea milimani unaona vibanda vya mbao na mabati, wengi ni wahamiaji kutoka Kolombia, Bolivia, Peru na Venezuela, na maji wanaletewa kwa gari.

Agosti ile ile ya 2019 Chuquicamata ilikuwa imefunguliwa rasmi kuwa mgodi wa chini ya ardhi, baada ya miaka zaidi ya mia ya kuchimba shimo la wazi. Sisi wanafunzi tulifurahi, ni kazi ya kihandisi ya kujivunia. Ila chini ya ardhi panahitaji watu wachache zaidi, na wachimbaji wenye umri walilijua hilo. Kwenye mgomo mkuu wa tarehe 12 Novemba niliwaona wamekaa barabarani na helmeti zao, pembeni walimu, pembeni manesi. Mmoja aliniuliza kwetu mchimbaji analipwa nini. Nilipomjibu alinyamaza, halafu akanigawia nusu ya mkate wake wenye parachichi. Tuliongea mpaka gari la washawasha lilipotokea kona.

Mtu mweusi kule walimchukulia moja kwa moja kuwa Mhaiti au Mkolombia, na usiku wa amri ya kutotoka nje hilo lilinipa hofu ya kweli. Nilitembea na pasipoti ndani ya soksi. Wahaiti niliowajua walikuwa na hofu zaidi, hawakutoka kuandamana ingawa kodi na bei viliwabana kuliko wote.

Binti Nyanza

Mimi sikufika, na ndiyo habari yangu. Nilikuwa kwenye kikundi cha vijana wa mazingira kutoka Kisumu, tumepata nafasi ya kwenda mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, COP25, Santiago, tarehe 2 hadi 13 Desemba. Tikiti zimekatwa, vitanda vimelipiwa. Tarehe 30 Oktoba Piñera akatangaza kwamba Chile haitauandaa tena, pamoja na mkutano wa APEC, umoja wa kiuchumi wa nchi za Asia na Pasifiki. Siku mbili baadaye ikathibitishwa ni Madrid, tarehe zile zile.

Wenye serikali zao wanabadilisha ndege tu. Sisi tulianza upya: fomu za viza nyingine, barua nyingine za benki, shirika la ndege linakataa kurudisha hela, wenye hosteli wamenyamaza. Katika kikundi tulipata wawili tu wa kwenda Madrid. Na mimi niliyebaki sikumlaumu mtu yeyote aliyekuwa barabarani Santiago. Vijana wa Chile tuliokuwa tunapanga nao waliendelea na kongamano la wananchi kule kule nyumbani kwao, tukalifuatilia kwa simu, intaneti ikikatika kila mara. Walizungumza kuhusu maji, maana sheria ya 1981 ilizifanya haki za maji kuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa. Kuna wakulima wa Petorca waliokuwa wanaletewa maji ya kunywa kwa lori huku mashamba makubwa ya parachichi jirani yakiwa ya kijani. Huko Madrid mkutano ulirefuka mpaka Jumapili tarehe 15 na kuhusu masoko ya kaboni, yaani nchi kuuziana punguzo la hewa chafu, hawakuafikiana. Mimi nilijifunza zaidi kwa wale wa kwenye simu.

Baharia wa Tanga

Kwa ufupi. Meli yetu ilikuwa nje ya bandari ya San Antonio, wapakuaji wamegoma. Msimu wa cheri za kwenda China ulikuwa umeanza, makontena ya baridi yamejipanga gatini na matunda hayasubiri. Wenye mali walikuwa wanapiga simu kama wana msiba. Vijana wa gatini walipotupandia baadaye walikuwa wastaarabu kabisa, wakatuomba radhi kwa kutuchelewesha.

Mdadisi wa Kinondoni

Sasa mwanzisha mada, mwisho wake ukawaje? Katiba mpya walipata?

Mpangaji wa Ñuñoa

Mkuu, hawakupata, na inaniuma mpaka leo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba vyama karibu vyote vilisaini makubaliano ya kura ya maoni kuhusu katiba mpya. Mbunge Gabriel Boric alisaini kwa jina lake mwenyewe, wenzake wa chama wakamkasirikia. Mwaka 2022 akawa rais. Kura ilipangwa Aprili 2020, korona ikaisogeza hadi 25 Oktoba, na asilimia 78 wakataka katiba mpya. Baraza la watu 155 la kuandika katiba likakaa, wanawake na wanaume karibu sawa, mwenyekiti wa kwanza Elisa Loncon, mwanamke wa Kimapuche, watu wa asili wa kule. Rasimu yao ikakataliwa Septemba 2022 kwa asilimia 62. Ya pili, iliyoandikwa na mrengo wa kulia, ikakataliwa Desemba 2023. Ya 1980 ndiyo iliyobaki, na viraka vyake.

Lakini sikubaliani na wanaosema ilikuwa bure. Mwaka 2022 ilianzishwa pensheni ya msingi kwa karibu wazee wote, isipokuwa matajiri, kubwa kuliko ile aliyoitaja Sista. Januari 2025 Bunge likapitisha kwamba mwajiri naye achangie pensheni ya mfanyakazi kwa kiasi cha maana. Mama mwenye nyumba wangu anapokea hiyo ya msingi sasa. Bado anasema haitoshi, na anazitaja bei moja moja.

Waliokuwa Valparaíso na Concepción hawajasema kitu. Najua mpo, tunawasubiri.