Ushauri: Jumamosi nawapeleka watoto kwenye loki za Foxton, tujiandaeje?

Baba Watatu: Wakuu, niko Leicester, Uingereza. Nataka watoto wakaone zile loki 10 za mwaka 1814, vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha na kushusha boti mferejini, na ndege wa majini. Nina wasiwasi kidogo. Tufike saa ngapi, tubebe nini?

Kereng'ende: Saa 1 asubuhi. Mdiria hakai penye kelele. Tazameni usawa wa maji, ni mstari wa bluu unaokatiza tu. Korongo wa kijivu mtafuteni ukingoni mwa mabwawa ya pembeni. Bata msiwape mkate, wapeni mahindi matamu au njegere, kiganja kimoja basi. Batamaji mwenye makinda mpisheni. Na mikono inawe kabla ya kula, mkojo wa panya majini una leptospira, vijidudu vya ugonjwa.

Fundi Bomba: Ukifika usiache kuona kilima cha reli ya boti, kilichofunguliwa 1900 kupandisha boti bila kupita loki. Matangi mawili yaliyojaa maji yalibeba boti, moja likipanda jingine likishuka, injini ya mvuke ikivuta. Dakika 12 tu! Ila loki za Watford, mbele kwenye mfereji huohuo, hazikupanuliwa, boti pana hazikuja, makaa yakala faida. 1911 kazi ikaisha.

Binti Pangani: Baba Watatu, kutembea kando ya mfereji hakumnyimi mtu usingizi. Sema yote.

Baba Watatu: Sawa. Nimekodi boti, tupande loki zote. Watoto wana miaka 4, 7 na 9, mtu mzima ni mimi. Lakini amana nimeshalipa, na huyu wa 9 ana akili, atashika usukani. Boti yenyewe pana, futi 10, haiyumbi.

Chumvi Kidogo: Nahodha wa darasa la tatu 😂

Fundi Bomba: Sikiliza. Kwanza jiandikishe kwa mlinzi wa loki, usiingie bila ruhusa yake. Ni ngazi mbili za vyumba vitano vitano. Kupishana ni kwenye bwawa la katikati tu. Vilango vya kupitisha maji vina rangi: fungua chekundu kwanza, ndipo cheupe. Chekundu kinamwaga bwawa la pembeni kwenye chumba cha chini. Cheupe kinamwaga chumba cha juu kwenye bwawa hilo. Ukianza na cheupe, bwawa limejaa tayari, maji yanafurika njiani. Wakati wa kushuka, nyuma ya boti ivuke mstari mweupe ukutani, la sivyo inakwama juu ya kizingiti cha mlango wa juu, maji yanapungua, pua inazama. Hayo yote dakika 45 hadi saa nzima, mmoja akiwa usukani na mwingine nchi kavu na mkono wa chuma wa kufungulia vilango. Wewe ni yupi?

Mzee wa Gati: Jamani, chai hii. Loki za Foxton zina upana wa futi 7. Boti ya futi 10 anaikunja?

Chumvi Kidogo: Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Baba Watatu: Si chai! Nimetoa karatasi. 10 ni idadi ya abiria. Upana ni futi 6 na inchi 10.

Mzee wa Gati: Haya. Na masharti umesoma? Boti nyingi za kukodi siku moja haziruhusiwi kuingia loki.

Baba Watatu: ...Imeandikwa ukurasa wa pili.

Binti Pangani: Basi amana haijapotea. Tawi la mfereji la kwenda mji wa Market Harborough halina loki hata moja. Loki zioneni kwa miguu, mtoto wa 4 mkononi, jaketi okozi kila mtu.

Fundi Bomba: Ila pale kijijini kuna daraja la kuzungusha. Lazima mtu ashuke alifungue.

Baba Watatu: Nampigia shemeji sasa hivi.