Mjadala: Je, The Bluest Eye iondolewe kwenye maktaba za shule?

Ndugu wachangiaji, mleta mada ameeleza kwamba wazazi wa Marekani wanaotaka riwaya ya Toni Morrison, The Bluest Eye, iondolewe kwenye maktaba za shule wana haki, kwa kuwa ndani yake mna baba anayembaka binti yake wa kumzaa, na mambo hayo hayafai kufikishwa kwa wanafunzi. Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Nina binti aliye kidato cha pili, na nilipofika kwenye kurasa hizo nilikifunga kitabu, nikakaa siku mbili kabla ya kukirudia.

Hata hivyo, naomba tukitazame kitabu chenyewe. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1970, na masimulizi yake yanatokea Lorain, Ohio, mji aliozaliwa Morrison, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Pecola, binti mweusi wa miaka 11, anaomba kila usiku apewe macho ya buluu, maana ameshaamini kwamba akiyapata ndipo atakapopendwa. Anamaliza maziwa ya nyumba ya watu kwa sababu tu kikombe kina picha ya Shirley Temple, mtoto nyota wa sinema za wakati ule, naye anataka kuendelea kuushika na kuutazama uso huo. Siku moja anakwenda dukani na senti 3 alizoziweka ndani ya kiatu, kununua peremende zenye karatasi iliyochorwa msichana wa kizungu mwenye macho ya buluu. Mwenye duka anamtazama kama asiyeona mtu, na inapofika zamu ya kupokea pesa anasita, kwa kuwa hataki mkono wake uguse kiganja cha mtoto yule.

Kwangu mimi, pale dukani ndipo ulipo moyo wa riwaya. Baba anapomtenda aliyomtenda, mtoto huyu ameshazoea kutoonekana, na hata anapomweleza mama yake haaminiwi. Morrison hakuandika ubakaji ili kumsisimua msomaji. Aliuandika ili tuone ni watu wangapi walimpa Pecola kisogo kabla ya siku ile.

Wapo wanaoshauri kwamba wanawake weusi waonyeshwe katika hali ya heri tu. Televisheni ya Marekani ilishajaribu mwaka 1968 katika kipindi cha Julia, ambamo Diahann Carroll aliigiza muuguzi mjane mwenye kazi nzuri na makazi safi. Ilikuwa hatua kubwa, kwani wanawake weusi walikuwa wamezoeleka kwenye skrini wakiwa watumishi wa ndani, lakini kilishutumiwa papo hapo kwamba kimejitenga na maisha halisi ya watu weusi, katika mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Mimi nakipenda kipindi kile, ila hakikutosha peke yake.

Turudi kwenye maktaba. Januari 2022 bodi ya shule za Wentzville, Missouri, ilipiga kura 4 kwa 3 kukiondoa kitabu hiki kwenye maktaba za sekondari, na mwezi uliofuata, baada ya kufunguliwa kesi mahakamani, ikautengua uamuzi wake. Kilichobishaniwa kilikuwa kitabu kilichokaa rafuni, ambacho mwanafunzi hukichukua kwa hiari yake. Nasi Tanzania tulipita njia hiyo: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikaja kufundishwa madarasani. Rosa ni binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa kipigo cha baba hadi akafika shule ya bweni bila kufundishwa lolote kuhusu wanaume, na kutojua huko ndiko kulikomponza.

Nakubali kwamba The Bluest Eye si kitabu cha mtoto wa darasa la nne, na kwamba mkutubi anapaswa kujua ni nani anayekiazima. Lakini mtoto aliyefanyiwa kama Pecola hahitaji kitabu ili kuyajua mambo hayo. Anakaa darasani na wenzake, na huenda nyumbani hakuna wa kumwamini. Naomba mleta mada anijibu: kitabu hiki kikishaondolewa, mtoto huyo atajuaje kwamba yaliyompata yanaweza kusemwa?