Daktari, ufa wa kidole gani? Mguu upi? Umetokana na nini? Nimechoka kubebeshwa uvivu wa watu

Wakuu, salaam. Leo nina hasira za mkizi, na ninajua fika mvuvi anayefurahia ni kampuni ya bima. Lakini nisipoandika hapa nitaiandika kwenye imeili ya kazini na nitafukuzwa.

Kwa wasionifahamu, niko Texas, nafanya kazi ya kuweka misimbo ya magonjwa kwa ajili ya madai ya bima. Huku wanatuita makoda. (Mama yangu Moshi amewaambia majirani kwamba mwanawe ni mtu wa kodi. Nimeacha kumsahihisha, mtu wa kodi anaogopwa zaidi.) Daktari akishamwona mgonjwa anaandika maelezo, mimi nayasoma na kuyageuza kuwa msimbo wa ICD-10-CM, mfumo unaotumika Marekani tangu Oktoba 1, 2015. Msimbo ukiwa na kasoro, dai linakataliwa. Na likikataliwa linarudi kwangu, si kwa aliyeandika upuuzi.

Sasa sikilizeni. Jumatatu nimefungua faili la mgonjwa mmoja, sitasema zaidi ya hapo. Maelezo ya daktari, yote: "Ufa, kidole cha mguu. Avae kiatu kigumu. Arudi baada ya wiki nne."

Basi! Mtu amekaa darasani zaidi ya miaka kumi, anatuandikia ujumbe wa simu.

Ufa upi, ndugu yangu? Kuna mfupa uliopasuka kwa sababu mtu kajigonga kwenye mguu wa kitanda usiku. Na kuna mfupa uliochoka: mtu anakimbia, au anasimama ghalani masaa kumi, kila siku mfupa unabomoka haraka kuliko unavyojijenga, hadi unapata ufa bila kuguswa na kitu. Wa kwanza ni jeraha, unakwenda S92. Wa pili uko M84.3, kwenye maradhi ya mifupa na misuli, na kitabu kinakataza kuwekwa pamoja na ufa wa ajali. Ukiandika "ufa" peke yake, faharasa inanipeleka moja kwa moja kwenye jeraha. Nikituma hivyo, bima inamwandikia mgonjwa barua: ulianguka wapi? Ilikuwa kazini? Nani mwingine anapaswa kulipa? Maskini hakuanguka popote, alikuwa anakimbia zake barabarani. Simu zinaanza, na anayetukanwa ni mtu wa dirisha la malipo.

Chini kabisa ya faili nikaona neno "maratoni". Pua ikanusa. Lakini koda hanusi, koda anasoma.

Haya, upande. Vidole vya mguu wa kulia ni M84.377, vya kushoto M84.378. Kuna M84.379 ya upande usiotajwa, na hiyo ndiyo wakubwa wetu hawataki hata kuiona, kwa haki kabisa, maana soksi aliivua nani? Miongozo inaniruhusu nichukue upande kutoka kwa maelezo ya muuguzi ikiwa daktari hakuutaja. Nikaenda kwa muuguzi: kushoto. Nikaenda kwenye ripoti ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili: kulia. Vikigongana hivyo, njia ni moja tu, kumrudia daktari.

Na hiyo MRI ndiyo iliyonimaliza. Inasema ufa uko kwenye mfupa mrefu wa wayo, ule unaoelekea kidole cha pili. Hicho si kidole! Kwenye mfumo huo ni wayo, M84.374 kama ni kulia. Mgonjwa anaonyesha "hapa kwenye kidole", daktari anaandika "kidole", imeisha. Ufa wa mfupa huo ndio ule wa askari wa gwaride. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika habari za miguu ya askari iliyovimba kwa mwendo mrefu mwaka 1855, kabla hata eksirei haijavumbuliwa. Huyu wetu ana MRI mezani na bado anasema kidole.

Halafu herufi ya saba. Bila hiyo msimbo ni batili, hata ufanyeje. A akiwa bado kwenye matibabu yenyewe, D akiwa anaendelea kupona vizuri, G akipona kwa kuchelewa, K mfupa ukigoma kuunga. Sasa "arudi wiki nne" inaniambia nini? Akirudi, daktari yule yule ataandika "anaendelea". Anaendelea kupona au anaendelea kuumwa?

Kuna wenzake wanaojihami kwa "inawezekana". Naelewa, eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Lakini kwa wagonjwa wasiolazwa, "inawezekana" haipewi msimbo wa ugonjwa. Naweka maumivu ya vidole, M79.674 au M79.675, kisha bima inauliza MRI ya bei hiyo ilikuwa ya maumivu tu?

Msiniambie "si umuulize". Nimemuuliza Jumatatu ile ile. Na siruhusiwi kuandika "je, ni ufa wa uchovu, wayo wa kulia?", hiyo ni kumtilia maneno mdomoni. Natakiwa niweke ushahidi, nimpe machaguo, pamoja na "jingine" na "haiwezekani kubaini". Dakika ishirini zimekwenda, na hesabu yangu ya mafaili kwa saa inaporomoka.

Alhamisi kajibu: "Tazama maelezo."

Maelezo yapi? Ndiyo hayo hayo!

NYONGEZA: Naona jamaa hapo chini anasema nichague lolote maisha yaendelee. Mkuu, hiyo huku inaitwa dai la uongo, na sahihi ni yangu. Na mwingine anasema madaktari wana kazi nyingi. Kweli. Lakini "ufa wa uchovu, wayo wa kulia, kwa kukimbia, ziara ya kwanza" ni sekunde ngapi? Hata kuandika agizo la kiatu ni refu zaidi.

NYONGEZA 2: Swali la pili nimetuma Ijumaa asubuhi, na msimamizi nimemnakilia. Jibu limeingia sasa hivi. Niliuliza mambo matatu: chanzo, mfupa, upande. Kajibu: "Kulia."

Nafungua swali la tatu.