Mjadala: Kano za bega zimechanika vibaya. Ashonwe, au awekewe bega bandia moja kwa moja?

Mwanzisha mada:
Wakuu, bega lina kano nne zinazokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisihame mahali pake. Zikikatika mbili au zaidi, au tundu likifika sentimita 5, madaktari huuita mchaniko mkubwa sana. Baba yangu mdogo, miaka 71, yuko hapo. Hata kuchana nywele hawezi. Daktari mmoja anasema ashonwe, mwingine anasema bega bandia. Mimi nasema ashonwe kwanza. Mfupa ukishakatwa haurudi.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, hiyo "kwanza" yako ingemfaa kijana aliyeanguka mwezi uliopita. Kwa mzee, ukubwa wa tundu si hoja sana. Uliza msuli wenyewe ukoje. Kano ikikaa muda mrefu imekatika, msuli husinyaa na kuingiwa na mafuta, na mafuta hayo kwa kawaida hayaondoki hata fundi awe hodari vipi. Mafuta hayo husomwa kwenye picha ya bega kwa kipimo cha Goutallier, daraja 0 hadi 4. La 3 mafuta na msuli ni nusu kwa nusu, la 4 mafuta yamezidi. Hapo unashonea kitambaa kilichooza.

Mchangiaji wa 2:
Napinga kidogo. Mwaka 2004 Galatz na wenzake, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 18 walioshonwa michaniko mikubwa kwa upasuaji wa kamera, ule wa matundu madogo. Kano zilikuwa zimeachia tena kwa 17! Ajabu ni kwamba wengi wao maumivu yalipungua na mkono ukainuka, ingawa baadaye nafuu ilishuka kiasi. Sasa huko ni kufeli au kufaulu? Anayetaka kulala usiku bila maumivu hana haja na picha ya kano.

Mchangiaji wa 3:
Na lile puto linalowekwa juu ya kichwa cha mfupa ili kisipande juu? Nasikia halina shida nyingi.

Mchangiaji wa 1:
Marekani waliliruhusu 2021. Mwaka uliofuata yakatoka majibu ya Uingereza, watu 117: waliosafishwa bega tu (kuondolewa nyuzi zilizochakaa) walikuwa na hali nzuri kuliko waliosafishwa na kuwekewa puto. Mimi singempeleka mzazi wangu.

Turudi kwenye bega bandia. Linalowekwa hapa ni lile la kugeuza, alilolibuni Mfaransa Paul Grammont miaka ya 1980: mpira unafungwa kwenye mfupa wa bega, kikombe kinakaa kwenye mkono, kinyume cha bega la asili. Msuli mkubwa wa juu ya bega ndio unaobeba kazi ya kuinua badala ya kano. Kwa hiyo msuli huo na mshipa wake wa fahamu vikiwa vibovu, usithubutu. Pia kuna hatari ya maambukizi na kuchomoka, na kuuzungusha mkono kwa nje huenda kusirudi.

Mchangiaji wa 2:
Na mazoezi je? Wapo wazee wanaoinua mkono baada ya miezi kadhaa ya kuimarisha msuli huohuo, bila kisu.

Mwanzisha mada:
Mazoezi alifanya wiki mbili akaacha, mbishi huyo. Ila mmenigusa kwenye mafuta. Nimeangalia karatasi zake: hakuna daktari aliyeandika daraja, na MRI yenyewe, ile picha ya ndani ya bega, ni ya mwaka juzi. Hao wawili wanabishania picha ya zamani. Tunaomba nyingine kabla sijaendelea kubisha.