Naomba ushauri: betri mbili kwenye Land Cruiser ya safari, relei inakata na kuunga

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada.

Gari ni la volti 12. Betri ya kuwashia iko mbele. Ya pili ni AGM (betri iliyofungwa, haiongezwi maji) ya Ah 100, iko nyuma, inaendesha friji na taa. Katikati nimeweka relei ya kuhisi volti, yaani swichi inayojiunga na kujikata yenyewe kati ya betri hizo: inaunga kwenye volti 13.3, inakata chini ya 12.8. Nimeifunga nyuma, jirani na betri ya pili. Waya wa chanya ni mm² 10, mita 5, fyuzi A 60 mbele. Hasi inapita kwenye bodi.

Betri ya nyuma ikiwa imeshuka, nikiwasha gari relei inalia tak, tak, tak bila kutulia. Ikiunga tu, mbele napima 13.7, nyuma 12.6. Nimesugua terminali, nikabadilisha relei. Tatizo liko palepale. Friji inazima usiku wa manane na nyama inaharibika, inaniumiza sana.

Nahisi ni waya mwembamba pamoja na hasi ya bodi. Je, nikihamishia relei mbele na kuvuta waya wa mm² 25, chanya na hasi, itatosha? Au niachane na relei, niweke chaja ya DC-DC (inayochukua umeme wa mbele na kuchaji betri ya nyuma) ya A 20?