"Sababu za kiusalama" zimenila pesa, na kampuni ya ndege imeniandikia "pole"

Wadau, nimefika South B jana jioni badala ya juzi usiku, na hasira bado zinanitoka puani.

Nilikuwa natoka Dubai kuchukua mzigo. Tumebakisha kama saa moja kutua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, rubani akatangaza tunageuzwa kwenda nchi jirani kwa "sababu za kiusalama". Kumbe kuna kikaratasi cha vitisho kimeokotwa chooni. Hapo sina ugomvi. Desemba 2015 ndege ya Air France iliyotoka Mauritius kwenda Paris na abiria 459 ilitua Mombasa usiku wa manane kwa ajili ya kifurushi cha chooni. Kukaguliwa, ni maboksi, karatasi na saa ya kuhesabia muda. Rubani angejuaje? Afadhali kutua bure kuliko kuzikwa.

Ugomvi wangu unaanza polisi walipomaliza kazi. Masanduku yalipangwa kwenye lami kama mafungu ya nyanya sokoni, kila mtu akaonyesha lake, mbwa wakanusa, saa tano usiku tukaambiwa ndege ni safi. Tumeondoka lini? Saa nane mchana wa kesho yake! Eti marubani wamemaliza saa zao za kazi kisheria, lazima waletwe wengine. Sawa, rubani mwenye usingizi simtaki hata mimi. Lakini hizo saa si walianza kuzihesabu tangu Dubai? Walikuwa wanangoja nini kutuma wengine? Hoteli hakuna, wengi hatukuwa na viza. Mama mmoja mgonjwa wa sukari alipewa biskuti na soda. Soda!

Pikapu niliyokodi kubeba mzigo ililala JKIA: shilingi 7,000 pamoja na maegesho. Simu za ugenini: 1,400. Mteja wa Kamukunji alichoka kungoja akanunua kwa mwingine. Hiyo siitaji hapa, nitalia.

Wao kila kitu chao kina ankara: mafuta ya kupaa mara ya pili, ada ya kutua, ada ya kuegesha. Changu kimefutwa kwa barua pepe ya mistari mitatu, "hali iliyo nje ya uwezo wetu".

Nimeusoma Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege, na Kenya imo. Kifungu cha 19: kampuni inawajibika kwa hasara ya kuchelewa, isipokuwa ithibitishe kwamba ilichukua hatua zote za busara kuizuia. Kikaratasi kinaeleza kwa nini tulitua. Saa 15 za kulala kwenye viti vya chuma hakizielezi.

Kuna aliyewahi kudai akalipwa? Ulianzia wapi, KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) au mahakama ya madai madogo? Najua nina miaka 2 ya kufungua kesi, na risiti zote ninazo. Wa "pole sana, shukuru Mungu uko hai" mpite tu.