Mrejesho: Gitaa langu la kujiundia limeacha kuunguruma

Niliuliza kwa nini gitaa la umeme nililoliunganisha mwenyewe linaunguruma hata nikishika nyuzi, na kwa nini sauti inakuwa nyembamba pikapu zote mbili (vinasa vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) zinapofanya kazi pamoja. Nashukuru kwa ushauri wa kupima kwa multimeta (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya kufungua chochote, kwa kuwa kati ya nyuzi na sehemu ya nje ya jeki (tundu la kuchomekea kebo) hapakuwa na mwendelezo wowote wa umeme. Nilipoinua daraja la nyuzi niliukuta waya wa ethi, unaopaswa kuziunganisha nyuzi na sehemu hiyo ya jeki, umelazwa pale ukiwa bado na plastiki yake, kosa langu mwenyewe, nikaumenya sentimita 2 na kulikaza daraja juu yake. Sasa ukinzani kati ya nyuzi na jeki haufiki omu 1 na muungurumo umebaki hafifu sana. Wembamba wa sauti uliisha nilipobadilishana nyaya mbili za pikapu moja, kwani pikapu hizo zilikuwa zimeunganishwa kinyume na zikipunguzana sauti. Kazi iliyonichosha ilikuwa kulehemu mgongoni mwa potenshiometa (kidhibiti cha kuzungusha cha sauti), maana bati lake hunyonya joto, na risasi ya kulehemu haikushika hadi nilipolikwaruza kwa msasa.